Tajikistan: uliza bonde kabla ya kuuliza dini

SWALI: Mimi ni mhandisi wa maji, mzaliwa wa Tanga. Nimepata mkataba wa mwaka mmoja Tajikistan kwenye mradi wa umwagiliaji. Nitakaa Dushanbe, kazi nyingi zitakuwa Khatlon, mkoa wa kusini, na mara mojamoja nitapanda milima ya Pamir. Baba amefurahi kwamba nakwenda nchi ya Waislamu, anasema nitakuwa kama nyumbani. Mke wangu atanifuata mwezi Machi, naye ana wasiwasi na baridi na buibui lake. Mimi mwenyewe, kusema kweli, sijui hata kama watu hao ni Waarabu, Warusi au Wachina. Nianzie wapi kuwafahamu?

JIBU: Ndugu yangu, baba yako hajakosea, ameanzia mwisho tu. Zaidi ya asilimia 95 ya watu wa nchi hiyo ni Waislamu, hilo halina ubishi. Lakini halitakuambia ukae upande gani wa mkeka, wala kwa nini mafundi wawili wa ofisi moja, wote wa swala tano, hawaulizani habari za nyumbani. Nilifanya kazi miaka mitano kwenye mifereji ya Khatlon, na mwaka wa kwanza wote niliupoteza kwa kudhani kwamba dini yetu moja imeshanifungulia milango. Basi nikueleze kwa mpangilio ambao ningetamani mimi mwenyewe nielezwe.

Tuanze na aibu yangu, maana ina faida. Wiki ya kwanza mwenzangu wa kazi aliniambia tukutane ofisini "dushanbe". Nilikuwa nimekwisha kukariri hesabu zao: yak, du, se, chor, panj. Du ni mbili. Nikajiambia, siku ya pili, hiyo ni Jumapili, mambo si ndiyo haya. Nikajidamka Jumapili, nikasimama mbele ya geti lililofungwa huku theluji ikinijaa mabegani, mlinzi ananitazama dirishani asijue anifanye nini. Kumbe wao hesabu yao wanaianza baada ya Jumamosi, ambayo ndiyo shanbe. Sisi tunaianza baada ya Ijumaa. Kwa hiyo siku yao ya pili ni siku yetu ya tatu. Dushanbe ni Jumatatu, na mji mkuu wenyewe umepewa jina hilo kwa sababu zamani kilikuwa kijiji chenye gulio la Jumatatu. Kati ya 1929 na 1961 ukaitwa Stalinabad, kisha ukarudi kwenye gulio lake. Utaishi katika mji unaoitwa Jumatatu, na ukipewa miadi, ongeza moja.

Hapo pia umepata jibu la swali lako la mwisho. Watajiki si Waarabu, si Warusi, si Wachina. Ni watu wa Kiajemi. Majirani zao wa Uzbekistan na Kyrgyzstan wanasema lugha za jamii ya Kituruki, lakini Kitajiki ni Kiajemi hasa, kile kile cha Tehran na Kabul kwa shina, ila tangu mwaka 1940 kinaandikwa kwa herufi za Kirusi. Kabla ya hapo kiliandikwa kwa herufi za Kilatini kwa miaka kumi na kidogo, na kabla ya hapo kwa za Kiarabu. Fikiria maana yake: bibi aliyeandika barua zake kwa alifu na bee, mwanawe akajifunza a na b, mjukuu akajifunza herufi za Moscow, wote nyumba moja. Vitabu vya babu vikawa mapambo ya kabati. Rudaki, ambaye wanamwita baba wa ushairi wa Kiajemi, alizaliwa karne ya tisa katika kijiji cha Panjrud, karibu na Panjakent, ndani ya nchi hiyo hiyo. Kila mtoto wa shule anamjua, ila ni wachache wanaoweza kumsoma kwa maandishi aliyoyatumia.

Kwako wewe mtu wa pwani lugha hiyo ina zawadi. Chai ni choy. Rangi ni rang. Sambusa ni sambusa. Pilau ni palov, ingawa nyumbani watakuambia osh. Darubini ni durbin, mkate huokwa kwenye tanur, bibi arusi ni arus. Na theluji inayoanguka ni barf: ndiyo barafu yetu, iliyokuja na majahazi hadi ikaishia kwenye friji za Ngamiani. Maneno ya Kiarabu tuliyochangia nao ni mengi zaidi: kitob, qalam, daftar, savol, javob, safar, sabr. Usilewe lakini, kuna mitego. Maktab si maktaba, ni shule. Hukumat ni ofisi ya serikali ya wilaya au mji, hakuna aliyehukumiwa. Na ukisikia kijijini "rais anakuja", usikimbilie kutafuta tai: rais ni mwenyekiti, aghalabu wa kata au wilaya. Mkuu wa nchi wanamwita prezident.

Kirusi nacho jifunze maneno mia mbili. Ofisini, hospitalini na kwenye michoro ya zamani ya mitambo utakayorithi, ni Kirusi. Lakini sokoni sema Kitajiki hata kibovu, nyuso zinabadilika.

Sasa mlima. Watu husema asilimia 93 ya nchi ni milima na wewe unatikisa kichwa kama umeelewa. Hujaelewa mpaka uione. Zaidi ya nusu ya ardhi iko juu ya mita 3,000. Kilele kikubwa, Ismoil Somoni, kina mita 7,495. Ukiuweka Kilimanjaro chini yake bado unabaki na mita 1,600. (Kilele hicho nacho kimebatizwa kadiri wakubwa walivyobadilika: kiliitwa Stalin, kikaitwa Ukomunisti, mwaka 1998 kikapewa jina la mfalme wa ukoo wa Wasamani wa karne ya tisa na ya kumi, ambaye pia ndiye aliye kwenye jina la sarafu yao, somoni.) Nchi yenyewe si kubwa, Tanzania inaimeza mara sita na ushee, na watu wake milioni kumi hivi wamebanana kwenye ile asilimia saba iliyobaki, ndani ya mabonde.

Na kila bonde ni kijinchi. Hili ndilo ninalotaka ulishike kuliko mengine yote. Kaskazini kuna Khujand, bonde la Ferghana, watu wa biashara na viwanda, waliotoa viongozi wengi wakati wa Usovieti. Kusini kuna Kulob. Mashariki ya Dushanbe kuna bonde la Rasht, watu wake huitwa Wagharmi, wenye sifa ya dini na bidii ya duka. Mbali kabisa, Pamir, ambako lugha na hata madhehebu ni mengine. Mpaka juzijuzi tu, theluji ikishuka njia ya kutoka Dushanbe kwenda Khujand ilifungwa miezi mizima. Ulipaswa kupanda ndege au kuzunguka kupitia nchi jirani ya Uzbekistan ili ufike nchini mwako mwenyewe. Handaki la Anzob lilifunguliwa 2006, la Shahriston 2012. Mtu mwenye miaka arobaini leo amekulia katika nchi ambayo nusu yake hakuweza kuiona wakati wa baridi.

Ongeza pamba hapo. Kuanzia miaka ya 1920 hadi ya 1950 serikali ya Kisovieti iliwashusha watu wa milimani, Wagharmi na Wapamiri wakiwa wengi, ikawatupa kwenye bonde la Vakhsh huko chini ili walime pamba. Wengi walihamishwa kwa nguvu. Walikuja na majina ya vijiji vyao, wakaoana wao kwa wao, wakazikana wao kwa wao. Kwa hiyo utakapofika Khatlon na mchoro wako wa mfereji, utaona vijiji viwili vilivyopakana, vyenye mashamba sawa na msikiti unaofanana, na utashangaa kwa nini hawataki kugawana lango la maji. Kimoja ni cha Wagharmi, kingine cha Wakulobi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipowaka 1992, mwaka mmoja tu baada ya uhuru, watu waliuana kwa kufuata hayo hayo: unatoka bonde gani? Nje ya nchi vita hivyo vilielezwa kama ugomvi wa Wakomunisti na Waislamu, na kweli chama cha Kiislamu kilikuwamo. Lakini waliochoma nyumba za jirani zao walikuwa Waislamu, na waliochomewa pia. Makumi ya maelfu walikufa kabla ya mapatano kutiwa saini Moscow tarehe 27 Juni 1997. Emomali Rahmon, mtu wa upande wa Kulob, aliyeshika uongozi mwishoni mwa 1992, yuko madarakani hadi leo.

Kwa hiyo usiulize habari za vita. Uliza "Shumo az kujo?", ninyi mnatoka wapi, uliza kwa upole, na mtu akitaja jina la Dushanbe usimkatize, subiri. Akikuamini atataja kijiji cha babu yake, mahali ambapo yeye mwenyewe huenda hajawahi kulala usiku mmoja. Hapo ndipo ujue umeanza kuzungumza naye.

Kwa kazi yako kuna maneno mawili ya kuyatafuta. La kwanza ni mirob, mgawa maji wa jadi, anayejua zamu ya kila shamba. Hata pale penye chama cha watumia maji chenye katiba na mhuri, mtafute huyu mzee kabla ya kumtafuta mwenyekiti. Umewahi kuona Wachaga wanavyoendesha mifongo yao kwenye mteremko wa Kilimanjaro? Ni akili ile ile, ya watu ambao maji yao yanatoka juu na ugomvi wao unatoka chini. La pili ni hashar, kazi ya pamoja ya kijiji: kuzibua mfereji, kuezeka nyumba ya mjane. Wewe wa Tanga unalijua hili kwa jina la msaragambo. Ukialikwa kwenye hashar, nenda na koleo, acha kompyuta. Mimi nilikwenda mara ya kwanza na fomu za dodoso; walinipa chai, wakanijibu kila swali kwa adabu, na hakuna jibu hata moja lililokuwa la kweli.

Utashangaa pia kwamba nchi yenye maji kiasi hicho huwa gizani. Sababu ni majira. Umeme wao karibu wote ni wa maji, na wakati wa baridi, mahitaji yakipanda, mito inapungua kwa kuwa maji yameganda huko juu. Vijijini umeme hugawiwa kwa saa. Bwawa la Nurek kwenye mto Vakhsh lina ukuta wa mita 300, zaidi ya mara mbili ya kimo cha bwawa letu la Julius Nyerere, na wanajenga jingine, Rogun, lililokusudiwa kufika mita 335. Jirani zao wa chini ya mto wanataka maji hayo wakati wa kiangazi kwa pamba yao. Utayasikia haya kila siku, nisikuchoshe.

Mkate, hata hivyo, nitakuchosha nao. Mkate, non, ni wa duara, na una heshima ambayo mgeni huivunja bila kujua. Hauwekwi chini. Haugeuzwi uso chini. Haukatwi kwa kisu mbele ya wageni. Mkubwa wa nyumba huumega kwa mkono na kuvisambaza vipande kwenye dastarkhon, kile kitambaa kinachotandikwa sakafuni, ambacho nacho usikiruke wala kukikanyaga. Ukiona kipande njiani, utamwona mtu anakiokota na kukiweka juu ya ukuta kwa ajili ya ndege. Ukishaketi kwenye magodoro membamba, kurpacha, mwenyeji atakusogeza mbali na mlango. Kadiri ulivyo mbali na mlango ndivyo ulivyo mkubwa. Kataa kidogo, kisha kubali. Ukikataa moja kwa moja unamsumbua, ukikimbilia mwenyewe unamchekesha.

Chai ya kijani humiminwa kwenye bakuli dogo, na la kwanza hurudishwa birikani, hata mara tatu, ili ichanganyike. Kisha unapewa nusu. Mara ya kwanza nilidhani wananibania. Nusu ndiyo heshima: maana yake nitakumiminia tena na tena, sitaki uondoke. Bakuli likijazwa hadi mdomoni, tazama saa yako.

Salamu zao zitakufurahisha, maana ndizo zetu. Mkono kifuani, assalomu alaykum, chi khel, naghz-mi, nyumba, watoto, wazee, kazi, afya, na anayejibu anauliza hayo hayo juu kwa juu, hakuna anayesubiri jibu. Wazungu niliofanya nao kazi waliona ni kupoteza wakati. Mtu wa Tanga hahitaji kufundishwa. Asante ni rahmat.

Kuhusu chakula nitapita haraka: osh utakula mpaka uombe msamaha, kitu cha kutafuta ni qurutob, mkate wa tabaka uliomegwamegwa ukamwagiwa maziwa makali yaliyokaushwa na kuyeyushwa tena, vitunguu, majani na mafuta ya moto, katika sahani moja kubwa ya mti, kwa mkono, wote pamoja. Vidole vyako vya pwani vitakusaidia.

Haya, sasa dini, ambayo baba yako aliitanguliza.

Wengi wao ni Sunni wa madhehebu ya Hanafi. Wewe bila shaka ni Shafi. Msikitini utagundua alasiri yao inachelewa, amini inasemwa kimoyomoyo, na alfajiri hawasomi kunuti. Usiinue mikono peke yako ukageuka onyesho. Imamu Abu Hanifa wanamwita Imam Azam, na serikali iliutangaza mwaka 2009 kuwa mwaka wake. Hapo shika neno serikali, maana dini huko ina mwenye nyumba. Sheria ya 2011 inawazuia walio chini ya miaka 18 kuingia misikitini kwa ibada, isipokuwa maziko. Wanawake hawasali misikitini, tangu Baraza la Maulamaa lilipotoa fatwa yake mwaka 2004. Chama cha Kiislamu kilichokuwa na viti bungeni baada ya mapatano kilipigwa marufuku 2015. Ndevu ndefu zimewahi kuwafikisha vijana kituo cha polisi na kutoka wakiwa wamenyolewa. Mwaka 2024 bunge likapitisha sheria dhidi ya mavazi "yaliyo mageni kwa utamaduni wa taifa", ambayo kila mtu anaielewa kuwa ni hijabu ya Kiarabu na nguo nyeusi, na likakataza ile desturi ya watoto kuzunguka nyumba kwa nyumba siku ya Iddi kuomba zawadi. Mimi hilo la watoto liliniuma kuliko ya ndevu, sijui kwa nini. Pengine kwa sababu mji wenyewe, mwaka uliotangulia, ulifungua msikiti mkubwa kabisa uliojengwa kwa msaada wa Qatar.

Usije ukahitimisha kwamba watu hao hawana dini. Niliwahi kufunga Ramadhani nao Khatlon, kiangazi, joto la nyuzi arobaini, na vijana waliochimba mfereji pamoja nami hawakugusa tone. Dini yao imejikunja ndani ya nyumba, kwenye maziko, kwenye dua ya mikono iliyopitishwa usoni baada ya chakula, kwenye makaburi ya mawalii wanayoyaita mazor. Miaka sabini ya Usovieti iliwafundisha kusali bila kuonekana, na wengine wana vodka kwenye meza ya arusi na aya ukutani juu yake. Usicheke, usihubiri. Hasa usihubiri. Kuwakusanya watu ukawafundisha dini bila kibali ni kosa la kisheria, na wewe utapandishwa ndege tu, waliokusikiliza ndio watakaobaki kulipa.

Mwambie mkeo buibui jeusi aliache Tanga. Madera yake ya maua ndiyo mavazi mazuri kuliko yote kwa nchi ile, kwa sababu wanawake wa huko nao huvaa kanzu pana za rangi zinazowaka na suruali chini yake, na kitambaa cha kichwa kilichofungwa kwa nyuma. Kitambaa cha namna hiyo ni rumol, hakina neno. Afunge lemba lake la kitenge atapita, tena wanawake wa sokoni watamzuia wamwulize amenunua wapi. Watamtazama sana, na wewe pia. Watu weusi huko ni wachache. Nilipigwa picha na watu nisiowajua mpaka nikazoea. Kero ipo, uadui sikuuona.

Jambo jingine ataliona yeye kabla yako: wanaume hawapo. Mamia kwa maelfu ya Watajiki wanafanya kazi Urusi, kwenye ujenzi na usafi, na fedha wanazotuma ni sehemu kubwa ya pato la nchi, miongoni mwa viwango vya juu kabisa duniani. Kijana akiondoka, nyumba nyingine humpa mkate aung'ate mara moja, na mama yake huuning'iniza ukutani mpaka arudi aumalize. Nimeuona mkate wa namna hiyo mgumu kama tofali, wa miaka minne. Tangu shambulio la Machi 2024 karibu na Moscow, ambalo watuhumiwa wake walikuwa Watajiki, mambo huko Urusi yamewabana, na wengi wamerudishwa. Kwa hiyo mkutano wako wa wakulima utajaa wanawake na wazee. Mpango wa zamu za maji uliopangwa usiku, kwa kudhani mume ndiye atakayekwenda kufungua lango, utakufa wiki ya kwanza.

Pamir nimeiacha mwisho kwa kuwa ndiko mahali pekee ambapo mtu wa Afrika Mashariki ana undugu wa kweli wa karibuni. Mkoa wake, Badakhshan, ni kama asilimia 45 ya ardhi ya nchi na chini ya asilimia tatu ya watu wake. Utahitaji kibali cha pekee kwenda, mwajiri wako akuombee mapema. Njia inafuata mto Panj siku nzima na usiku, Afghanistan iko ng'ambo, karibu kiasi kwamba unaona nguo zilizoanikwa. Wapamiri wengi ni Waismailia, wafuasi wa Aga Khan, na wanasimulia kwamba imani hiyo waliletewa karne ya kumi na moja na mshairi Nasir Khusraw. Ndiyo jamaa hao hao wa jamatkhana, nyumba zao za ibada, unazozijua Dar es Salaam, Zanzibar na Nairobi. Mwaka 1946 Aga Khan wa tatu alipimwa uzito wake kwa almasi Dar es Salaam. Mjukuu wake aliyemrithi, aliyepitisha sehemu ya utoto wake Nairobi, ndiye ambaye mashirika yake yalipeleka unga Pamir kwa malori kupitia mji wa Osh, Kyrgyzstan, wakati wa vita, Moscow ilipokuwa imeacha kuwalisha. Alipofika mwenyewe Mei 1995, watu walishuka mabonde yote kwa miguu kumwona. Taja tu kwamba kwenu kuna hospitali ya Aga Khan, utaona.

Nyumba ya Kipamiri nayo iangalie kwa macho ya mhandisi: nguzo tano, ambazo Waismailia wanazihesabu kuwa ni Mtume Muhammad, Ali, Fatima, Hasan na Husein, na juu tundu la mwanga lililojengwa kwa miraba minne ya mbao, kila mmoja ndani ya mwingine. Haina msumari wa maana na imevumilia matetemeko mengi. Matetemeko huko si hadithi: mwaka 1911 mlima ulianguka ukauziba mto Murghab, ukakifukia kijiji cha Usoi na watu wake, na boma hilo la zaidi ya mita 500 ndilo linaloshikilia ziwa Sarez hadi leo. Omba kuliona, halafu usilale vizuri.

Ila Badakhshan ya sasa ni mkoa ulionyamaza. Mwaka 2022 kulikuwa na mauaji na kamatakamata huko Khorog, mji mkuu wa mkoa, na Rushan. Usiulize, usipige picha askari wala madaraja, na mtu akianza mwenyewe kusimulia, sikiliza bila kuandika.

Ukienda zaidi ya Khorog, mashariki, utapanda hadi kwa wafugaji wa Kikirgizi wa Murghab, na ukiendelea kaskazini kutoka hapo njia hupita Ak-Baital, mita 4,655. Kilimanjaro kuna kambi iitwayo Barafu, mita 4,673, ambako wapandaji hupumzika kabla ya kilele. Utakuwa karibu na kimo hicho ukiwa umekaa ndani ya gari. Kichwa kikigonga na tumbo likageuka, usijikaze kiume, shuka. Nilijikaza, nikatapika ndani ya kofia ya dereva.

Baridi ya Dushanbe yenyewe mkeo ataikwepa akifika Machi, na amechagua vizuri, kwa sababu siku za 21 hadi 24 ni Navruz, mwaka mpya wa Kiajemi. Pwani tunaijua kwa jina la Nairuzi, na Makunduchi, kule Unguja, wanauoga mwaka wao mwezi Julai, maana kalenda yetu ya siku 365 haikuwahi kuongezwa siku ya mwaka mrefu, ikateleza karne kwa karne mpaka ikaiacha mbali ile ya Waajemi. Usiku wa kuamkia sikukuu wanawake wa mtaa hupika sumanak, uji mzito wa ngano iliyochipua, kwenye sufuria kubwa nje, na huukoroga kwa zamu mpaka asubuhi wakiimba. Hawatii sukari, utamu unatoka kwenye ngano yenyewe. Chini ya sufuria hutupa vijiwe ili usiungue. Wanaume hatutakiwi karibu, kwa hiyo haya nimeyapata kwa kusimuliwa. Mkeo atayaona mwenyewe, atapewa mwiko hata kama hajui neno moja. Mwambie asubuhi ale taratibu. Kijiwe kikiingia kwenye bakuli lake asikiteme kwa kushtuka, watampigia makofi, kwa kuwa aliyekipata ndiye mwenye bakht ya mwaka, na neno hilo hatahitaji mkalimani.